Ekari Arobaini na Nne za Hajira

Siku ya mkutano wa kijiji Sadala alivaa kanzu aliyoshonewa kwa ajili ya Idi. Hajira, mkewe, ndiye aliyeipiga pasi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akaiunguza, kidogo tu, kwenye pindo la chini. Hakuomba radhi. Alikuwa na mawazo mengine.

"Leo watasoma majina yote," Sadala alisema huku akijitazama kwenye kioo cha dirisha. "Nani kapata mbolea ya ruzuku, na kwa ekari ngapi. Tangu msimu uliopita nawabana, leo wamekubali. Hadharani!"

"Na ukishayasikia utayafanyia nini?"

"Tutajua."

"Utajua nini usichokijua? Kijiji hiki kuku akihama banda watu wanaambiana."

"Tutamjua mwizi, Mama Shamimu. Mwenyekiti Mustapha hana shamba la maana, lakini stoo yake haikauki mbolea. Anaipata wapi? Lazima kajiandikisha ekari za uongo. Leo zitatajwa, naye ameketi pale mbele anasikia. Nimewaambia waanze na wenye ekari nyingi, washuke chini. Wasije wakatuchosha na wadogo mpaka watu waondoke."

Hajira alikoroga uji ambao haukuhitaji tena kukorogwa. Alikuwa na neno la kumwambia mumewe. Msimu mzima alikuwa analo, na kila alipotaka kulisema aliona si wakati wake. Sasa mume ameshavaa kanzu, na Sadala akiwa ndani ya kanzu haambiliki.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Siku ya kuandikisha wakulima pale kijijini kwao, Kwedisago, Hajira ndiye aliyepanga foleni kwa niaba ya nyumba, maana Sadala hupenda mikutano lakini hapendi foleni. Alikuwa aandikishe ekari nne. Nyuma yake alisimama Sipora, mke wa Tiampati, wa boma la ng'ambo ya korongo. Karani alimtazama Sipora shanga zake, akamwambia wafugaji wana siku yao. Siku yao ikafika, wakaandikishwa ng'ombe. Kila ng'ombe alitobolewa sikio akavishwa hereni yenye namba. Mahindi ya Tiampati, ekari arobaini, yalikosa wa kuyaandika. Ng'ombe wakawa na namba, wenye ng'ombe hawana. Hajira akarudi kwa karani, akasema siku ile alikosea kutaja, shamba lake ni ekari arobaini na nne. Karani akaongeza arobaini bila kuinua macho. Hakuna aliyekuja kupima.

"Hodi," Sipora aliita uani. Alikuwa ameleta maziwa kama kila asubuhi. Alisubiri Sadala atoke, kisha akasogea karibu. "Mifuko ya mbolea imefika Segera. Tiampati ameshauza ndama watatu, pesa ipo. Twende kesho. Korogwe mvua imeshaanza, watu wa Magoma wanapanda."

"Kesho, tukiamka salama," Hajira alisema. "Leo kuna mkutano wa mume wangu."

Mwaka ambao nyumba ile ilipanda bila mbolea, mahindi yao yaliishia kabla ya Ramadhani, na mfungo mzima walifuturu kwa unga wa kununua, kilo kilo, wakikopa kwenye duka la Mustapha. Mwaka jana walipanda kwa mbolea, na gunia la mwisho lilikuwa bado limeegemea ukuta. Hajira alilitazama kabla ya kufunga mlango.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Spika iliazimwa msikitini. Mwenyekiti Mustapha aliketi kwenye kiti chenye mikono, na mtendaji, Eliasi, kijana aliyehamishiwa Kwedisago akitoka Korogwe na ambaye bado alikuwa akihesabu siku za kurudi, alisimama na karatasi zake. Watu walikuwa wengi kuliko mkutano wowote wa mwaka ule. Mikutano ya kuchangia choo cha shule haijawahi kupata hata robo yao.

"Kwa maombi ya wananchi," Eliasi alisema, "na hasa ya Mzee Sadala, tunaanza na wenye eneo kubwa."

Watu wakampigia Sadala makofi. Sadala akasimama. Alikuwa amepanga kwamba jina la kwanza likitajwa tu, atageuka awaambie watu, "Mnaona?"

"Wa kwanza," Eliasi alisoma. "Hajira Muhsin. Ekari arobaini na nne."

"Mnaona?" Sadala alisema kwa sauti kuu.

Masikio yalichelewa kumfikishia alichosikia. Bi Shida, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwao, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Tumeona, baba. Sasa keti."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani.

"Mzee, kumbe unaishi kwa bosi!" kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti. "Na sisi tunakubeba mpaka Kang'ata kwa mkopo!"

"Bosi mwenyewe kanunua chumvi ya mia mbili jana," mwingine akadakia.

Sadala alibaki amesimama. "Eliasi, mwanangu, hiyo itakuwa ni Hajira mwingine."

"Hajira Muhsin ni mmoja tu, mzee."

"Basi mmekosea kuandika. Ni nne. Arobaini imejiongeza."

"Na mifuko ya arobaini yote ilichukuliwa, mzee. Haikubaki hata mmoja."

Sadala akaketi. Kanzu iliyoungua pindo aliikunjia miguuni, na hakutazama upande wa wanawake. Eliasi aliendelea kusoma. Mtu wa ekari tano, mtu wa ekari tatu, watu wengi wa mbilimbili. Mwenyekiti Mustapha alikuwa na ekari mbili, kama Bi Shida. Alipotajwa aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi anayeitika jina lake, akatabasamu kwa watu wote. Alikuwa ndiye mtu safi kuliko wote uwanjani, na alijua.

"Mama Shamimu," alisema kwa upole alipomaliza Eliasi, "uongo si tabia yako. Tueleze. Hizo ekari arobaini ziko wapi?"

Sipora, aliyekuwa ameketi pembeni na wanawake wenzake wa boma, alitaka kuinuka. Hajira akamvuta shuka akaketi tena, kisha akasimama yeye.

"Ziko ng'ambo ya korongo. Ni za Tiampati. Mnazijua. Nusu yenu mlikwenda kuvuna kibarua kule mwezi wa saba, mkarudi na debe debe. Alikataliwa kuandikishwa, nikamwandikisha mimi. Mbolea kainunua kwa pesa yake, kaitia kwenye ardhi yake."

Ilikuwa kweli. Hapakuwa na mtu asiyejua shamba lile ni la nani. Hata hivyo watu waliguna kwa mshangao, kama inavyopasa jambo linaposemwa kwenye spika.

"Kwa hiyo ulikodisha namba ya ruzuku ya serikali," Mustapha alisema.

"Sikukodisha. Nilimsaidia jirani."

"Bure?"

"Bure."

"Lakini maziwa yanakuja kwako kila asubuhi. Hayo nayaona mimi mwenyewe nikienda dukani. Unayalipa?"

Hajira alifungua mdomo, lakini Sipora alikuwa ameshasimama, na safari hii shuka haikushikika.

"Analipa!" Sipora alisema kwa ukali. "Kila mwezi analipa. Mwezi huu tu ndiyo bado."

"Mwezi huu bado!" kijana wa bodaboda akarudia, na uwanja ukacheka upya. Sipora hakuelewa kilichochekesha. Aliketi akamuuliza jirani yake kwa Kimaasai.

Mustapha alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa na subira ya muuza duka. "Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini aliyetaka uwazi ni nyumba hii hii. Kanuni ni kanuni. Napendekeza namba ya Mama Shamimu ifungwe, mbolea ya msimu huu asipewe, si ya nne wala ya arobaini, mpaka wilaya waje wachunguze."

Wilaya wangekuja mahindi yakiwa yamefika kiunoni, mbolea imeshachelewa. Hajira alijua hivyo, na Mustapha alijua. Sipora alikuwa akihesabu ndama waliokwisha kuuzwa.

"Wanaoafiki, wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kunyooka, si kwa chuki. Watu walikuwa wamecheka vizuri, na kupiga kura dhidi ya mtu baada ya kumcheka huonekana kama kumalizia kazi. Sadala, ambaye kanuni hiyo hiyo alikuwa akiidai msimu mzima, aliingiza mikono yote miwili katika mifuko ya kanzu.

"Mwenyekiti," Hajira alisema. "Kabla hamjahesabu. Mimi nimeulizwa mifuko yangu ilikwenda wapi, na nimejibu. Sasa na wengine waulizwe. Eliasi asome tena majina, na kila mtu asimame aseme mfuko wake ulikwenda wapi. Aliyeutia shambani, aseme. Aliyeupeleka kwingine, aseme pia. Uwe uwazi wa wote."

Mikono iliyokuwa juu ilibaki juu, lakini hakuna aliyeikumbuka tena.

Mbolea ya ruzuku iliyotoka Segera kwenda Kwedisago mwaka jana haikufika Kwedisago. Iliishia barabarani. Mkulima alipewa mfuko kwa bei ya serikali, akatoka nao dukani, na hatua chache mbele alimkuta kijana wa Mustapha na toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, akamuuzia kwa bei iliyozidi kidogo. Kile kidogo kilikuwa sare ya mtoto, au dawa ya kifua, au unga wa wiki ile. Serikali ilikuwa imewasaidia wapate mahindi mwezi wa saba, na wao walikuwa na njaa ya mwezi wa tatu. Mustapha aliwauzia mifuko hiyo wenye mashamba makubwa ya mbali, na jina lake halikuandikwa popote, kwa sababu majina yaliyoandikwa yalikuwa ya waliouza. Katika mifuko yote iliyosomwa siku ile, iliyoingia ardhini ilikuwa ya Hajira na ya Tiampati, na ya watu wengine wachache wasiopenda mikutano.

"Tuanze na jirani yangu," Hajira alisema. "Bi Shida. Ekari mbili, mifuko miwili."

"Mimi?" Bi Shida aliinuka na mkeka wake. "Mimi nimeacha maharage motoni, mwanangu. Yataungua."

Aliondoka kwa kasi ambayo miguu yake haikuwa nayo tangu masika mawili yaliyopita. Jirani yake akakumbuka mbuzi. Upande wa wanaume walikumbuka sala ya adhuhuri, ambayo ilikuwa bado sana, lakini mtu hakatazwi kutawadha mapema. Vijana wa bodaboda waliwasha pikipiki zote kwa pamoja.

"Jamani, tulieni!" Mustapha alisema kwenye spika. "Tulieni tupige kura!"

"Au tuanze na wewe, Mwenyekiti," Hajira alisema. "Ekari mbili, mifuko miwili. Stoo yako ina mingapi?"

Mustapha alimtazama Eliasi. Eliasi, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa akihesabu vichwa kwa kidole, na vichwa vilikuwa vikimpungukia mkononi.

"Akidi imevunjika, Mwenyekiti," alisema. "Hatuwezi kuamua kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Hata hilo la kufunga namba."

"Basi mkutano umeahirishwa," Mustapha alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye na Hajira walikuwa wamepata walichotaka pamoja.

Eliasi aliandika muhtasari pale pale. Majina ya wanufaika yalisomwa hadharani. Wananchi waliridhika.

Walipofika nyumbani, Sadala alipita moja kwa moja chumbani. Alivua kanzu, akaikunja vibaya, akaketi kitandani na fulana.

"Ungeniambia."

"Ungesema."

"Nisingesema, Hajira."

"Wewe? Wewe ulisema mkutanoni kwamba mama yako anakoroma, ulipokuwa unapinga nyumba ya mganga kujengwa karibu."

Ilikuwa kweli, na mama yake Sadala hakuwahi kumsamehe.

"Umenivunjia heshima mbele ya kijiji."

"Mimi nilisimama nikajibu. Nani aliyetaka waanze na wakubwa?"

Sadala aliivuta kanzu, akalitazama pindo lililoungua. "Na Mustapha," alisema mwishowe. "Ile mifuko ya toyo. Ulijua muda wote?"

"Na wewe ulijua. Kila anayekwenda Segera anaiona toyo. Ila ulidhani utamkuta kwenye majina. Majina ni yetu, Sadala. Yeye ana mifuko."

Nje mtu alikohoa. Bi Shida alisimama mlangoni na mayai sita kwenye kanga, na maharage yake hayakuwa yameungua.

"Nimepita tu, Mama Shamimu. Nikasema watoto wale." Aliyaweka juu ya kinu. "Lile swali lako la leo. Mkutano ujao utaliuliza tena?"

"Sijui, Bi Shida. Itategemea nitaulizwa nini mimi."

"Hutaulizwa kitu," Bi Shida alisema haraka. "Nimeongea na wenzangu. Hutaulizwa kitu kabisa." Aligeuka kuondoka, kisha akarudi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwanangu, mjukuu alikuwa na kifua. Ningefanyaje?"

"Ungeuza," Hajira alisema. "Hata mimi ningeuza."

Alipoondoka, Sadala aliuliza, "Kwa hiyo tumekuwa watu wa kuogopwa?"

"Kesho tunakwenda Segera," Hajira alisema. "Kabla hawajapata akidi."

Segera foleni ilitoka ndani ya duka la pembejeo ikapita mbele ya wauza machungwa. Sadala alivaa shati la shamba. Tiampati alikuwa amekodi Fuso, akasimama kando yake na fimbo, kama anayelinda ng'ombe. Sipora alishika pesa, zimefungwa kwenye kitambaa, zimehesabiwa na watu wengi mno kwa asubuhi moja. Nyuma yao kwenye foleni walikuwamo Bi Shida na watu wengine wanane wa Kwedisago. Ng'ambo ya barabara toyo ya Mustapha ilisubiri, na kijana wake akila muwa.

Walisalimiana vizuri sana. Waliulizana habari za nyumbani, kana kwamba jana yake walikuwa wilaya tofauti. Kisha kila mmoja akapata kitu cha kutazama, angani au kwenye simu.

Msichana wa dukani aliitwa Yasinta, alikuwa na kucha ndefu na haraka. Aliingiza namba ya Hajira kwenye kimashine.

"Ekari arobaini na nne. Ndizo zako zote, mama?"

Hajira alitazama nyuma. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa na njia mbili, na zote aliziwaza usiku kucha. Angeweza kusema nne, arudi nyumbani na mifuko yake, mikono safi, na Tiampati apande ekari arobaini bila kitu baada ya kuuza ndama. Au angeweza kusema ndiyo, na uongo wa mwaka jana uwe na mdogo wake. Usiku alikuwa amepata njia ya tatu, akaiona nzuri.

"Nne ni zangu," alisema kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Arobaini ni za Tiampati Kaika, yule pale kwenye Fuso. Alikataliwa kuandikishwa. Nataka iandikwe hivyo, kwamba zake ni zake na zangu ni zangu. Sifichi kitu."

Nyuma yake mtu mmoja aliguna. Sadala alisogea akasimama karibu na mkewe, akanyoosha shati.

Yasinta alikitazama kimashine, akakigeuza, akakirudisha kama kilivyokuwa. Alikuwa msichana mwema, na alitaka kweli kusaidia.

"Mama, humu hakuna pa kuandika hayo."

"Hakuna?"

"Hakuna. Kuna namba na dole tu." Alisukuma kimashine mbele. "Ukiweka dole mifuko inatoka yote. Usipoweka haitoki hata mmoja, na hizo nne zako hazitoki peke yake."

"Mama Shamimu, weka dole tuwahi," Bi Shida alisema kutoka nyuma, bila ubaya wowote. "Mvua hiyo, imeshafika mlimani."

Hajira alifuta kidole gumba kwenye kanga, akakiweka.